Sura ya Tano: Foki ya Hesi au Foki Laini?

Mtu amenunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Ni ya chuma, nyembamba, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume, na jina la Peugeot limebaki nusu kwenye rangi. Wiki ya tatu gurudumu la mbele linatumbukia kwenye shimo, foki inapinda. Anafika kwa muuza spea na kuulizwa swali ambalo hakulitarajia: "Ya hesi au isiyo na hesi?"

Wengi hukwama hapo. Wapo wanaojibu, "Nipe ya kisasa," wakiamini kwamba ya kisasa haiwezi kukataa kuingia. Hukataa. Wapo wanaomwachia fundi aamue, naye fundi huamua kwa kuangalia kilichomo kwenye boksi lake. Na wapo wanaouliza: ipi bora? Swali hilo ni la haki, ila mara nyingi fremu ya baiskeli ilishalijibu siku ilipotoka kiwandani. Kazi ya mnunuzi ni kulisoma jibu hilo kabla hajatoa fedha.

Vipande vinne vya mbele

Foki ni kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele. Juu ya miguu hiyo limesimama bomba moja, ambalo sura hii italiita shingo ya foki. Shingo huingia ndani ya bomba fupi la mbele la fremu, pale viwanda vinapopenda kubandika nembo. Hilo ni bomba la kichwa. Kati ya mabomba hayo mawili, juu na chini, hukaa vikombe na gololi zinazoiwezesha foki kugeuka bila kukwaruza. Vikombe, gololi na nati zake kwa pamoja huitwa hedseti. Kipande cha nne ni stemu, mkono mfupi unaounganisha foki na usukani.

Hesi ni ile mistari ya kuzunguka iliyochongwa kwenye bolti ili nati ipande. Foki ya hesi imechongwa mistari hiyo kwenye ncha ya juu ya shingo yake. Isiyo na hesi ina shingo nyororo kutoka chini hadi juu, kama bomba la maji kabla fundi hajalichonga, na kwa sababu hiyo humu itaitwa foki laini.

Ile ambayo kila fundi anaijua

Aliyekulia Afrika Mashariki ameiona foki ya hesi hata kama hakujua jina lake. Phoenix ya Wachina, Hero ya Wahindi, Raleigh ya Waingereza: baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi na, kule Busia, zikavusha abiria kati ya Kenya na Uganda mpaka neno bodaboda likazaliwa. Kikombe cha juu cha gololi hupandishwa kwenye hesi kama nati, mpaka foki iache kucheza. Juu yake hufuata nati nyingine ya kukifunga kisirudi nyuma.

Stemu haigusi hesi hizo hata kidogo. Inazama ndani ya shingo kama kijiti ndani ya mwanzi, na bolti ndefu inayopita katikati yake inavuta kabari iliyo chini. Kabari inapanda, inabana ukuta wa shingo kwa ndani, na usukani unakamatika.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila kitu kina kazi yake. Nati zinashughulika na gololi, kabari inashughulika na usukani. Baba mwenye mgongo unaouma na binti anayetaka kuinama kama mwanariadha wanaweza kutumia baiskeli moja: legeza bolti, igonge kidogo, inua stemu sentimita mbili, kaza. Gololi hazijui kama kuna kilichotokea. Kikomo ni mstari uliochongwa kwenye mwili wa stemu. Mstari huo lazima ubaki umezama. Ukionekana nje, stemu imetolewa mno na siku moja itakatika au itaipasua shingo, na mpandaji atabaki na usukani mkononi.

Ubaya wake ni spana. Nati mbili zinazobanana huhitaji spana mbili kubwa na bapa, na kwa shingo ya kawaida ya baiskeli ya mbio, yenye kipenyo cha milimita 25.4 yaani inchi moja, spana hiyo ni namba 32. Hakuna anayetembea na namba 32 mfukoni. Ndiyo maana hedseti nyingi za mtumba zina makovu ya patasi: mtu alikuwa na nyundo, hakuwa na spana.

Mmarekani mmoja na tatizo la stoo

Foki laini ilikuja na Mmarekani aitwaye John Rader, ambaye hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1992. Kampuni ya Dia-Compe iliingiza mfumo huo sokoni kwa jina AheadSet. Ulianzia kwenye baiskeli za milimani, na kabla miaka ya 2000 haijafika mbali ulikuwa umeziteka pia za mbio.

Wazo lenyewe ni jepesi. Shingo haina hesi. Inapita kwenye hedseti na kutokeza juu. Stemu inaishika kwa nje, kama mkono ulioshika fimbo, na kukazwa kwa bolti mbili za ubavuni. Juu kabisa kuna kifuniko chenye bolti moja inayoshuka hadi kwenye nati ya nyota, kipande cha chuma chenye makucha kilichogongwa ndani ya shingo. Bolti hiyo ikizungushwa, stemu inasukumwa chini na shingo inavutwa juu, gololi zikabanwa katikati. Mtu akitaka usukani uwe juu kidogo, anaweka pete za kujazia nafasi chini ya stemu.

Matangazo ya wakati ule yalisifu wepesi na ugumu, na hayakudanganya. Stemu ya kabari na bolti yake ndefu ni mzigo wa chuma uliojificha ndani ya bomba, na shingo laini ilivyozidi kunenepa, kutoka milimita 25.4 hadi 28.6, ndivyo upande wa mbele ulivyozidi kuwa imara. Lakini sababu iliyowavutia wenye viwanda zaidi ilikuwa stoo. Hesi huchongwa kwenye ncha tu, kwa hiyo shingo ya hesi lazima itoke kiwandani ikiwa na urefu unaolingana na fremu. Fremu za saizi sita zinataka foki za urefu wa aina sita. Foki laini hutengenezwa ndefu, ya urefu mmoja, na anayeifunga huikata kwa msumeno. Rafu sita za stoo zinageuka moja.

Kisha ikaja kaboni, yaani nyuzi nyembamba zilizolowekwa gundi na kuokwa hadi zikawa ngumu. Ukiichonga hesi unazikata nyuzi zilezile zinazoibeba. Watengenezaji walipotaka shingo ya kaboni, mjadala ukafungwa.

Kwa ufupi: foki ya hesi hukazwa kwa nati mbili na hushika stemu kwa ndani, foki laini hukazwa na stemu yenyewe, inayoishika kwa nje. Ya kwanza ni rahisi kupandisha usukani. Ya pili ni rahisi kutengeneza, kuuza na kufungua.

Je, inaongeza kasi?

Mwaka 1972 Mbelgiji Eddy Merckx alizunguka uwanja wa Mexico City kwa saa moja na kukamilisha kilomita 49.431, rekodi ya dunia. Baiskeli yake, kazi ya Mwitaliano Ernesto Colnago, ilikuwa na foki ya hesi. Huko Japani kuna keirin, mbio za uwanjani zilizoanza mwaka 1948 mjini Kokura, ambazo watu huzichezea kamari kama mbio za farasi. Ili asiwepo wa kusema fulani ameshinda kwa sababu ya kifaa, vifaa vinadhibitiwa kwa kanuni kali, na wanaume katika mbio za kawaida bado hukimbia kwa fremu za chuma, foki za hesi na stemu za kabari. Anayewaona wakimalizia mzunguko wa mwisho hatasema wanachelewa.

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kuu za wanaume. Kwenye baiskeli za hadhi hiyo hakuna tena anayeuliza habari za hesi. Ila nchi hiyohiyo ina abanyonzi, vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli, na chini ya usukani wao nati mbili bado zinabanana kama zamani.

Tofauti ya uzito ipo, nayo ni gramu mia kadhaa ukihesabu foki, hedseti na stemu. Kwa mtu anayeshindana mlimani ni jambo. Kwa anayekwenda kazini na mkoba mgongoni, chupa ya maji iliyojaa ina uzito zaidi.

Linalobadilika kweli ni maisha ya kila siku na baiskeli. Stemu nyingi za kabari hushika usukani kwa tundu lililofungwa, hivyo anayetaka kubadilisha stemu tu hulazimika kubandua utepe wa usukani, kufungua mpini wa breki wa upande mmoja, kisha kuuzungusha usukani kwenye tundu kama mtu anayetoa pete kidole kilichovimba. Stemu nyingi za foki laini zina uso unaofunguka kwa bolti nne. Usukani unatoka mzima, na breki zake.

Hata hivyo urahisi huo unaanza kupotea. Baiskeli nyingi ghali za leo hupitisha mirija ya breki za mafuta ndani ya stemu na hedseti ili isionekane, na matokeo yake kubadilisha gololi za juu, kazi ya nusu saa, kunaweza kumlazimu fundi kukata mrija wa breki na kujaza mafuta upya. Rader aliwapa watu kitu kinachofunguka kwa kifunguo kimoja. Waliomfuata wamekifunga tena.

Chumvi na jasho

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, adui mkubwa wa foki ya hesi ni stemu kugandana na shingo. Stemu ni ya aluminiamu, shingo ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikaa pamoja zikalowa chumvi, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe unaovimba na kujaza nafasi. Mtu anayetokwa na jasho juu ya usukani kila asubuhi anauongezea chumvi kwa bure. Miaka mitano bila kufunguliwa, na stemu inakuwa kama imechomelewa.

Fundi mzoefu haanzi na nguvu. Hulegeza bolti ya juu mizunguko mitatu au minne bila kuitoa, huweka kipande cha mbao juu yake, kisha hugonga mara moja kwa nguvu ya wastani. Kama bahati ipo, bolti inazama ghafla na mlio wa tok: kabari imeachia. Halafu hulibana gurudumu kati ya magoti na kuuzungusha usukani kushoto na kulia. Ikigoma, hugeuza baiskeli kichwa chini na kumimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la chini ya shingo, kisha huiacha ilale hivyo hadi kesho. Anayelazimisha kwa bomba refu huweza kuinyonga foki nzima, na hapo hasara imekuwa mbili.

Kinga ni kijiko cha grisi. Stemu itolewe mara moja kwa mwaka, ifutwe, ipakwe grisi sehemu inayozama, irudishwe.

Foki laini haiepuki chumvi, kwa maana gololi zake hushika kutu vilevile, lakini stemu yake iko nje na haina pa kugandana kwa ubaya wa namna hiyo.

Kosa la kifuniko

Foki laini nayo ina mtego wake. Mtu anasikia usukani unagonga akishika breki, anaona bolti moja iko juu kabisa ya stemu, anaikaza. Hakibadiliki kitu. Anaikaza zaidi, mpaka nati ya nyota inang'oka au kifuniko kinapasuka.

Alichokosa ni mpangilio. Bolti ya kifuniko haiishiki foki. Inazibana gololi tu, na tena pale tu stemu inapokuwa huru kuteleza. Kwanza zilegezwe bolti mbili za ubavuni. Pili bolti ya juu ikazwe taratibu mpaka mchezo uishe. Tatu stemu ielekezwe sawa na gurudumu, ndipo za ubavuni zikazwe. Jaribio ni lilelile kwa foki zote mbili: shika breki ya mbele, weka vidole pale kikombe cha juu kinapokutana na fremu, isukume baiskeli mbele na nyuma. Vidole vikihisi mtikisiko, bado. Kisha inua gurudumu la mbele na uache usukani uanguke upande. Ukisita au ukijifunga katikati, umekaza mno au gololi zimekwisha chimba vishimo kwenye vikombe.

Shingo ya kaboni ina masharti ya ziada. Haigongwi nati ya nyota, kwa sababu makucha yake yataichana. Hutumia plagi inayopanuka ndani. Nguvu ya kukazia huandikwa kwenye stemu, mara nyingi nyutoni-mita 5, na hapo mkono wa kukisia hautoshi.

Namba za kwenda nazo dukani

Kabla ya kununua foki ya aina yoyote, kuna vitu vya kupima:

- Kipenyo cha shingo. Inchi moja ni milimita 25.4, na shingo nene ya kisasa ni 28.6. Nene haiingii kwenye bomba la kichwa la inchi moja. Baiskeli nyingi mpya zina shingo inayozidi kunenepa kuelekea chini.
- Hesi zenyewe. Kipimo cha kawaida ni hesi 24 kwa inchi. Raleigh zilizotengenezwa Nottingham zilikuwa na 26, na nati ya moja haipandi kwenye nyingine. Peugeot za miaka ya 1970 zilifuata vipimo vya Kifaransa: shingo ya milimita 25 na stemu ya 22.0, wakati wengine walitumia 22.2. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila stemu ya 22.2 haizami humo.
- Kiti cha kikombe cha chini, pale shingo inapokutana na miguu ya foki. Hupatikana cha milimita 26.4 na cha 27.0.
- Gurudumu na breki. Foki iwe ya ringi ileile, na pedi za breki zifike kwenye ringi.

Kipimo cha mwisho kinawahusu wanaoshawishika kuchukua foki ya Phoenix kwa kuwa ipo kila duka. Foki hiyo ni ya gurudumu kubwa zaidi. Kwenye baiskeli ya mbio itainua mbele, itaufanya usukani uwe mzito wa kugeuka, na breki haitafika.

Urefu wa shingo unataka hesabu. Tuseme bomba la kichwa lina milimita 140. Kwa foki ya hesi, ongeza kimo cha hedseti, tuseme 38: jumla 178, toa kama milimita 2 ili nati ya juu isigote kwenye ncha ya shingo. Jibu ni 176. Ikizidi kidogo huongezwa washa. Ikipungua sana, nati haina pa kushika. Kwa foki laini, chukua 140, ongeza hedseti ya 28, pete za 20 na kimo cha stemu 40. Jumla 228, toa 3 ili kifuniko kipate nafasi ya kubana: 225. Anayekata aanze kwa kuacha pete nyingi, apande wiki mbili, ndipo akate tena. Shingo iliyokatwa fupi hairefushwi.

Basi anunue ipi?

Anayenunua baiskeli mpya ya mbio hana uamuzi wa kufanya. Atapewa foki laini, na inamfaa.

Mwenye fremu ya zamani ya inchi moja, iliyo nzima, abaki na foki ya hesi. Foki laini za inchi moja ziliwahi kutengenezwa na bado zinapatikana kwa kutafutwa, lakini anayekwenda huko hanunui foki tu: ananunua hedseti nyingine na stemu nyingine, na pete ya kujazia ikiwa stemu ni ya 28.6. Fedha hizo zitatosha foki ya chuma ya hesi, gololi mpya, tairi mbili nzuri, na pengine zikabaki. Kama kinachomkera ni stemu ya kizamani tu, kuna kiunganishi cha bei nafuu: upande mmoja ni kabari ya 22.2 inayozama kwenye shingo ya zamani, upande mwingine ni kisiki cha 28.6 kinachopokea stemu ya kisasa. Wapenda urembo wa baiskeli hawakipendi. Kinafanya kazi.

Kuna njia moja ya kukataa kabisa, nayo ni kukaza stemu ya nje juu ya hesi za foki ya zamani. Shingo hiyo ni fupi, na pale palipochongwa hesi ndipo palipo dhaifu.

Yule mwenye Peugeot atafute foki ya hesi. Lakini kabla ya hapo apitishe kidole chini ya bomba la juu na lile la chini, nyuma tu ya bomba la kichwa. Foki inayopinda kwa pigo la mbele mara nyingi haipindi peke yake. Rangi iliyopasuka au mkunjo kama wa ngozi ya kiwiko hapo maana yake fremu nayo imekwenda, na hakuna foki ya kununua. Kama kidole hakikuta kitu, aibebe foki iliyopinda hadi dukani pamoja na nati zake, na amwombe muuzaji azipandishe nati hizo kwa mkono kwenye foki mpya kabla ya kulipa.